Kilomita za Shangazi Mwamini

Misugusugu, Kibaha
Jumapili, 12 Januari 2025

Shangazi yangu Mwamini,

Shikamoo. Kabla ya jambo lolote, magoti yanaendeleaje? Na masikio? Dereva wako Kondo anasema siku hizi anakupungia mkono kwanza ndipo aseme, usije ukamfokea kwamba ananong'ona. Sisi huku wazima. Mke wangu Wema anakusalimu, anasema ule unga wa muhogo uliompa umekwisha, na mimi naomba nisihojiwe umekwishaje. Zuwena ameng'oka jino la mbele. Amelitupa juu ya bati kama ulivyomfundisha, na sasa kila asubuhi anapapasa ufizi kuona kama jingine limeota.

Sasa la gari. Jana nilimkuta Kondo stendi ya Mlandizi anashusha mananasi, nikachungulia dashibodi. Kilomita 387,000. Shangazi, mara ya mwisho nilipokuja kumwaga oili, tarehe 23 Novemba, tuliandika 384,000 kwa kalamu ya wino mzito chini ya boneti, na wewe ndiye uliyenishikia boneti. Tangu mumeo, marehemu Mzee Kibwana, akuachie hiyo pikapu, miaka tisa sasa, kilomita elfu tatu zilikuwa zinachukua miezi mitatu, pengine minne. Safari hii zimechukua wiki saba. Mananasi yameongezeka, au Kondo ameoa mke wa pili huko njiani?

Nimefikiria jambo. Siku zote tumetia ile oili ya kawaida, namba arobaini, ambayo kila kilomita elfu tatu lazima imwagwe, na kila zikitimia nakuja mimi. Sasa ipo hii wanayoiita sintetiki. Haichoki upesi, na asubuhi ukiwasha tu imeshapanda juu ya injini, haivuti miguu kama ile nzito. Injini iliyotembea karibu laki nne inaihitaji kuliko hata gari jipya. Na inakwenda kilomita elfu kumi ndipo imwagwe. Elfu kumi, shangazi! Mwaka mzima hakuna mtu wa kuja kukusumbua.

Nimempa Kondo galoni ya lita tano, galoni ndogo ya lita moja ya kuongezea, na filta mpya. Fundi Ally wa hapo Mzenga aitie. Ni kazi ya saa moja, si lazima nije mimi.

Mwanao,
Seifu

Mzenga, Kisarawe
2 Februari 2025

Mwanangu Seifu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua yako imelala siku tisa kwa yule muuza machungwa wa Mlandizi anayetupokelea barua, Kondo anasema alikuwa ameifungia ndani ya daftari lake la mauzo. Lakini imefika. Usiniambie tena habari za simu. Kwenye simu nasikia haloo kumi, salio limekwisha, na sijajua nani kafa nani kazaa. Kusoma na kuandika nilifundishwa ngumbaru nikiwa tayari nimeolewa, na sikujifunza ili niache.

Sijambo. Magoti ni umri, hayana dawa. Nguruwe pori wameingia shamba la bondeni, wamefukua mihogo mistari minne, hawakuacha hata shukrani. Mwambie Zuwena jino linaota asipolishika, akilipapasa linaona haya.

Galoni zako zimefika. Nimezisukuma uvunguni mwa kitanda, zikae na mashuka ya wageni. Nimemuuliza Ally, naye anasema gari la zamani lina utandu wake. Ule uchafu mweusi uliojikusanya humo ndani miaka yote ndio unaoziba penye sili zilizochoka, yale mapira ya kuzuia oili isivuje. Ukilitia hiyo oili yenu inayoosha, utauondoa wote, na gari litatoa machozi pande zote. Mimi nimemwelewa. Kuna vitu havisafishwi, mwanangu, vinaachwa vilivyo.

Halafu umeandika kwamba mwaka mzima hakuna mtu wa kuja kunisumbua. Ni nani aliyekwambia nasumbuliwa?

Kondo anasema oili iliyomo imekuwa nyeusi na saa yake imepita. Ally alikuja na beseni lake, nikamrudisha. Gari hili linamwagwa oili na wewe. Namba arobaini ipo dukani, tele. Nimekuwekea mananasi mawili yale ya mwisho wa shamba, yanaiva polepole. Usiyaache yakaoza.

Ni mimi shangazi yako,
Mwamini

Misugusugu
23 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na nguruwe. Wema alipata homa wiki iliyopita, amepona, sasa ananikaripia kama kawaida, kwa hiyo najua amepona kweli. Mfungo unakaribia, nakutakia mwezi mwema.

Kuhusu Ally, mwambie namheshimu, lakini amesema nusu. Sintetiki haitoboi sili. Kama sili ni nzima, haitavuja tone. Kama imekufa, ilikuwa imekufa tangu zamani, uchafu ulikuwa unaificha tu, na siku moja itaachia yenyewe njiani huko porini, oili yote imwagike na injini ifie hapo hapo. Bora kujua mapema. Cha kufanya ni hiki: Kondo akilaza gari jioni, atandike boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi mtazame. Boksi likiwa kavu, Ally atie sintetiki bila wasiwasi. Likiwa na matone, niandikie yako upande gani.

Jambo jingine, nisije nikakuficha. Mara ya kwanza itabidi imwagwe mapema, baada ya elfu tatu, kwa sababu itakuwa imebeba uchafu wote wa zamani. Baada ya hapo ndipo elfu kumi.

Ila usiendelee kungoja, nakusihi. Kondo ameniambia sasa ni 388,900. Mimi gereji imenibana sana miezi hii, kuna mambo mengi. Idd nitajitahidi.

Mwanao,
Seifu

Mzenga
6 Aprili 2025

Seifu,

Marahaba. Idd imepita wiki nzima sasa. Nilipika wali wa nazi na kuku wawili, mmoja wako, mmoja wa sisi wengine. Saa nane nilimwambia Kondo aende mpaka njia panda ya stesheni akaangalie. Akarudi akasema ameona mbuzi. Kuku wako tumemla kesho yake, alikuwa mgumu, bila shaka kwa hasira.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia habari ya boksi.

Tumelitandika kama ulivyoagiza na limejaa matone, Seifu, mimi mwenyewe nimeogopa. Nimekata kipande nakutumia ndani ya barua hii ujionee, usije ukasema mzee hana macho. Gari ni bovu. Linavuja mbele, linavuja nyuma, linavuja ubavuni. Si kazi ya Ally hii, inataka fundi wa kweli, na inataka haraka. Tena wewe mwenyewe umeandika mara ya kwanza lazima imwagwe mapema. Sasa kama inamwagwa mapema, sintetiki yenu na namba arobaini yangu tofauti yake nini? Njoo tu ufanye ile kazi tunayoijua.

Mananasi yale mawili nimemgawia mke wa Ally. Yaliiva.

Mwamini

Misugusugu
20 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Samahani ya Idd naiomba kwa magoti. Wema na Zuwena hawajambo, jino limeota, limekaa upande.

Nimekipata kipande cha boksi. Nilikiweka mezani pa gereji nikakitazama. Kisha nikakinusa. Nikamwita mwenzangu naye akanusa, akaniuliza kama nyumbani kwetu gari linatembelea mafuta ya alizeti yaliyokaangiwa samaki. Umechanganya na masizi, shangazi, umechanganya vizuri kabisa, rangi umeipata. Harufu umeisahau. Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia jikoni.

Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Halafu nikaacha kucheka, nikaenda Mlandizi kumbana Kondo.

Kwanza aliapa hajui kitu. Nikamwambia nimeona dashibodi, 391,400, na msimu wa mananasi umekwisha tangu Januari. Ndipo akasema. Kwamba kila Jumanne na Ijumaa unampa fedha ya mafuta, unamwambia aende Mlandizi na kurudi. Hana mzigo wala abiria. Siku ya kwanza alikuuliza anakwenda kufuata nini, ukamwambia, "Fuata kilomita."

Shangazi, kilomita! Mtu mzima anatuma gari kufuata kilomita? Oili iliyomo ndani imekwenda elfu saba na mia nne, ilitakiwa imwagwe kwenye elfu tatu. Nzito kama lami. Injini inasagika kila Kondo anapowasha, na unaisaga kwa fedha yako mwenyewe. Hiyo pikapu ndiyo inayokulisha. Ikifa, mananasi utayabeba kichwani? Nimekasirika, naomba unisamehe, lakini nimekasirika.

Nina sababu zangu za kutaka gari hilo liweze kukaa muda mrefu bila mimi, na ifikapo katikati ya mwaka liwe tayari. Leo sitaziandika. Wewe niambie zako. Unataka nini?

Seifu

Mzenga
18 Mei 2025

Mwanangu Seifu,

Marahaba. Mvua ilikata barabara wiki tatu, hata pikipiki hazikupita, na barua yako nimeipata juzi ikiwa imelowa pembeni. Maneno yote yanasomeka, hata yale ya ukali. Usiombe msamaha. Hasira yako ni ya haki, na mimi ningekuwa fundi ningekasirika zaidi.

Umeniuliza nataka nini. Nakujibu kwa mkono wangu, maana mdomo wangu naujua, tukionana utayageuza yote mzaha.

Nataka uje. Ni hilo tu.

Ukija kumwaga oili unaingia uvunguni mwa gari, miguu inabaki nje. Mimi nakilaza kinu nakikalia ubavuni kwako. Nakuhadithia ya miezi mitatu yote, nani kaposa, nani kahamia Chole, nani kanitazama vibaya kisimani, na wewe huwezi kuondoka kwa sababu umeshika nati. Unachojibu sikisikii. Lakini naona vidole vya miguu vinacheza, najua unacheka.

Na ile miguu si yako, Seifu. Kidole gumba kilichojitenga na wenzake ni cha baba yako. Kaka yangu Maneno alifariki ukiwa na miaka sita, mama yako akamfuata kabla mwaka haujaisha, na picha ya Maneno sina hata moja. Sura yake imeshaanza kunipotea, nikiitafuta napata yako. Miguu yake naiona kila unapoingia uvunguni, kwa saa nzima, mbele ya macho yangu. Nilikuwa naweza kungoja miezi mitatu. Mwaka jana nikaona miezi mitatu imekuwa mirefu, sijui kwa nini, labda ni uzee. Nikajua huji kwa sababu ya tarehe, unakuja kwa sababu ya kilomita. Basi nikaanza kuzinunua.

Halafu ukaleta oili ya elfu kumi.

Ningekuwa mama yako mzazi ningekudai waziwazi. Ungekuja umenuna, lakini ungekuja. Shangazi hana cha kudai. Shangazi hupewa, akashukuru, na akikosa hunyamaza.

Basi nimeacha. Jana asubuhi nilizitoa galoni zako uvunguni nikampa Ally. Ya zamani ilitoka kama uji wa masizi, ikawa inadondoka kwa kujivuta, Ally akatikisa kichwa. Akatia sintetiki, akafunga filta. Boksi la leo asubuhi lilikuwa na tone moja, la kweli, nakuapia, chini ya nati. Ameikaza, limekauka. Sili ni nzima. Niliweka kiganja juu ya boneti gari likiwa linaunguruma, halitetemeki kama lilivyokuwa. Ulikuwa na haki, nami nilikuwa naua gari.

Kondo haendi tena mtupu. Elfu tatu za kwanza Ally atamwaga, kisha ndiyo hizo elfu kumi zenu. Usihangaike kuja.

Mwamini

Misugusugu
1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Naomba leo uniruhusu nisizunguke.

Mwezi Desemba nilitia saini mkataba. Ni kampuni inayojenga barabara, naenda kusimamia karakana ya mitambo yao, Kigoma, miaka miwili. Naondoka Jumatatu tarehe 16 mwezi huu. Wema na Zuwena watanifuata shule zikifungwa mwisho wa mwaka.

Nilijua haya kabla sijakuandikia barua ya Januari. Kila barua niliyokutumia niliianza na Kigoma, nikachana karatasi, nikaanza tena na sili. Nilitafuta oili ya elfu kumi kwa sababu nilitaka gari lako lisinihitaji. Nilijiambia gari likiwa zima, nimekuacha mzima. Ulipoandika kwamba imetiwa na haivuji, nilipaswa kufurahi. Shangazi, sikufurahi hata kidogo. Nilijisikia kama mtu aliyefukuzwa nyumbani, na aliyefunga mlango ni mimi mwenyewe.

Nilipofika penye miguu ya baba, nilitoka nyuma ya gereji nikavua viatu. Nina miaka arobaini. Sura yake siikumbuki kabisa, nilikuwa naona aibu kukwambia, na wewe ulipokuwa ukimtaja nilikuwa naitikia tu. Sikujua kwamba natembea na miguu yake.

Sasa nikujibu hilo la shangazi hana cha kudai. Nani alinitoa funza? Nani alinibeba mgongoni toka Mzenga hadi zahanati siku ya degedege, mvua inanyesha? Nani aliuza cherehani yake nikaenda chuo cha ufundi, akaniambia imeharibika, nikaamini mpaka nilipokuwa fundi nikajua cherehani ile ilikuwa haiharibiki? Nidai, shangazi. Sema neno moja tu. Ukisema nisiende, sitakwenda, na sitakulaumu wala leo wala kesho.

Kuja Mzenga naogopa. Nikiingia uvunguni mwa gari lile sitatoka, basi la Kigoma litaniacha, na mkataba utakuwa wa mtu mwingine. Ndiyo maana sikuja Idd. Ndiyo maana sikuja mara zote hizi. Si gereji.

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Seifu

Mlandizi
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwanangu Seifu,

Salamu nimeziacha, utajua sababu.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Nimeisoma mara nne, mara mbili kwa miwani na mara mbili bila. Kigoma! Hata Ally hajafika, na Ally anasema amefika kila mahali. Nilikasirika siku ya Jumatano yote. Mtu ananiambia mambo ya sili na utandu miezi sita, kumbe yeye ndiye anayevuja. Alhamisi nikakumbuka alizeti yangu, nikaona mimi si wa kumsema mtu.

Umetaka neno moja. Nenda. Hukusomeshwa ufundi ili umwage oili ya gari moja la bibi mmoja. Ningekuzuia ukabaki, kila nikikutazama ningeiona Kigoma usoni mwako, na mimi sitaki kuishi na sura hiyo. Nenda, ukawatengenezee mitambo yao, na ukale samaki wao, migebuka, kwa niaba yangu.

Lakini hiyo ni ruhusa. Dai ni jingine, na umesema nidai.

Jana nilimuuliza Kondo, toka Mlandizi pale anaposhushia mananasi mpaka kwa Seifu ni umbali gani. Akasema nusu saa haifiki. Nikamwambia arudie, nikijua masikio yangu. Akarudia, akaonyesha na kwa vidole. Seifu, nilikaa chini. Jumanne na Ijumaa zote zile, gari langu lilikuwa likifika karibu na mlango wako, linageuza, linarudi kwangu tupu. Nimelelewa kwamba mkubwa hafuati, hufuatwa. Nikaishika adabu hiyo miaka tisa, nikakaa kwenye kinu nangoja, na wala hakuna aliyenikataza kupanda. Najionea huruma na najicheka kwa pamoja.

Leo alfajiri nimepanda mbele kwa Kondo. Nina unga wa Wema, nina kuku wa Idd mwingine, huyu ni laini. Injini yako inakwenda, kilima cha mtoni imepanda bila kulalamika, Kondo anasema hajaiona hivyo tangu aanze kuiendesha. Nakuandikia juu ya kreti la machungwa, huyu muuzaji wako ananichungulia anadhani namwandika yeye. Naandika kwa sababu nikifika nitaanza na habari za nguruwe, siku itakwisha, na haya yote nitarudi nayo Mzenga.

Dai langu ni hili. Nakudai leo kutwa na kesho kutwa. Usiniambie gereji. Nakudai Jumatatu nikusindikize mpaka kwenye basi lako, nikupungie mbele za watu, na nikilia usiniambie nyamaza. Na nakudai uje ukipewa likizo, gari likiwa na kilomita ngapi sitaki kujua.

Kondo anasema Jumamosi hukosi gereji, na ukiwa gereji hukosi uvunguni. Basi karatasi hii nitaipitisha chini ya hilo gari unalolitengeneza, la nani sijui, na likae likingoja. Ukimaliza kusoma usiulize nani kaileta. Nimekuja mpaka hapa, mwanangu, lakini kuinama siwezi. Toka.